Volti za Nguzo ya Mwisho

Nimeambiwa tena, katika kikao hapa Dar es Salaam, kwamba kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere limetupatia megawati 2,115, kilichobaki ni kuvuta nyaya hadi kila kitongoji, na uchumi wa vijijini utakua wenyewe. Kauli hii inaniudhi, kwa sababu inachanganya kuunganishiwa umeme na kuutumia.

Kuhusu uzalishaji sina ugomvi: mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja ni hatua kubwa. Shida huanzia kwenye transfoma ya kijiji. Kitongoji kikipelekewa umeme wa njia moja, yaani waya mmoja wa moto badala ya mitatu, ili kupunguza gharama, taa na simu hazioni tofauti, lakini mota ya mashine ya kusaga na kukoboa huhitaji njia tatu. Hata njia tatu zikiwepo, mota inapowashwa huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na kwenye waya mwembamba uliovutwa mbali volti huporomoka. Nguvu ya mota kuanza kuzunguka hufuata mraba wa volti, kwa hiyo volti zikibaki asilimia 80, nguvu hiyo hubaki asilimia 64 tu. Mota hunguruma bila kuzunguka, huungua, hupelekwa kwa fundi kusukwa upya nyaya zake za ndani, na mwenye mashine akishalipia kazi hiyo mara ya pili huirudia injini yake ya dizeli. Kwenye takwimu, kijiji hicho kina umeme.

Watafiti nao hawakubaliani kama umeme hukuza uchumi wa vijijini. Mchumi Taryn Dinkelman alionyesha mwaka 2011 kwamba umeme uliongeza ajira za wanawake vijijini KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ambako uliwapunguzia kazi za nyumbani, kuni zikiwemo. Lee, Miguel na Wolfram, katika utafiti wao wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka 2020, waliona kaya zilizounganishwa zikibadilika kidogo sana kiuchumi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba njia tatu zingetosha kuziba pengo kati ya kuunganishiwa umeme na kuutumia, na leo imani hiyo imepungua, kwa maana mashine hutaka pia mkopo wa kuinunulia, barabara ya kupitishia mahindi na wateja wenye fedha mkononi.

Ndiyo maana, ninapoletewa orodha ya vijiji vilivyounganishwa, huomba kwanza nionyeshwe uniti zilizouzwa chini ya kila transfoma, idadi ya mota zinazofanya kazi, na volti zilizopimwa saa mbili usiku kwenye nguzo ya mwisho.