"Take after" si kufanana tu

Huku Mwanza mapacha majina yao yanajulikana kabla hawajapewa: aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto. Wakisimamishwa mbele ya watu, iwe kwenye kipaimara au harusi, hakosekani mshereheshaji wa kushika maiki na kutangaza kwamba "Doto takes after Kulwa". Ukumbi unapiga makofi. Nimeyasikia hayo Kirumba, Nyakato hadi Igoma, na sasa yamezidi.

Take after ni kitenzi cha Kiingereza chenye maneno mawili, na maana yake ni kumfuata mzazi, au ndugu mwingine wa ukoo aliyekutangulia, kwa sura, umbo au tabia. Wakati uliopita ni took after, na jina la anayefuatwa hukaa mwisho.

Tatizo limeanzia kwenye tafsiri tuliyokaririshwa: "kufanana na". Kufanana ni kauli ya kutendana, haina mkubwa wala mdogo. Asha akifanana na mama yake, mama naye anafanana na Asha. Geuza upendavyo, ukweli haubadiliki. Take after haigeuziki. Ina njia moja tu, kutoka kwa mtoto kwenda kwa waliomtangulia. Kulwa alimtangulia Doto kwa muda mfupi tu, hakumzaa, na walichonacho wote wawili wamekitoa kwa wazazi. Kwa hiyo wao look alike, na kama ni mama yao waliyemfuata, they both take after their mother. Hata furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ambao spishi zao huhesabiwa kwa mamia, wengi wanafanana mno, lakini hakuna furu anayeweza kuambiwa amem-take after jirani yake.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba Kiswahili chetu kina maneno yanayokaa hapo sawasawa. Shangazi akimtazama mtoto husema "huyu kamchukua baba yake", au "huyu kafuata ujombani". Hakuna anayesema baba kamchukua mtoto. Tazama sasa: take ni kuchukua, after ni nyuma ya aliyetangulia, kwa kumfuata. Waingereza wameyaunganisha mawili ambayo sisi tunayatumia moja moja.

Tena hiyo take yenyewe wameichukua kwa wengine. Asili yake ni taka, neno la watu wa Skandinavia waliovuka bahari na kulowea mashariki na kaskazini ya Uingereza kuanzia karne ya 9. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno lake la kuchukua, niman, likasukumwa pembeni mpaka likapotea. Mabaki yake yamo ndani ya numb, neno la kiungo kilichokufa ganzi, ambalo mwanzoni lilimaanisha "aliyechukuliwa". Nasi husema mtu ameshikwa na ganzi! After ni ya Kiingereza chenyewe tangu zamani, na tangu hapo ilibeba maana ya kuwa nyuma na kuja baadaye. Aliye nyuma ni mtoto. Ndiyo maana mama aliyembeba mwanawe haambiwi "you take after your baby", hata kama pua ni ileile.

Wala kijana anayeiga mwendo wa mchezaji wa mpira ham-take after mchezaji huyo. Huko ni kuiga, na Kiingereza kina imitate. Lakini mtoto wa kulelewa aliyeshika ucheshi wa baba mlezi huweza kusemwa hivyo, maana tabia nayo imo, na malezi ni undugu.

Limebaki la dada wa kazi anayejifunza Kiingereza, akamwambia mwajiri wake "I take after your children". Alichokusudia ni look after, yaani kuwatunza na kuwaangalia. Ameshapata nusu ya kitenzi na mpangilio wa sentensi uko sawa. Abadilishe take tu, na aelekezwe pembeni, bila kuchekwa mbele ya wageni.