Shule zinagombania wanafunzi, mbona wamiliki wana chama kimoja?

Ukisafiri kutoka Mafinga kuja Uyole mwezi wa Desemba, mabango ya shule binafsi ni mengi kama ya wagombea wakati wa kampeni. Hili linatangaza ufaulu, lile basi la kumfuata mtoto mlangoni, jingine limejaa nyuso za watoto waliovaa masweta na wastani wao chini ya kila picha. Wote wanamtafuta mtoto yuleyule wa mkulima wa viazi, wa mpasua mbao, wa mwenye shamba la parachichi. Lakini wamiliki wa shule hizohizo wana chama kimoja. Wanakilipia ada ya uanachama, wanachagua viongozi na kukaa kikao pamoja. Kwa nini?

Wazazi wengi hapa Mbeya wana jibu tayari: wanakutana kupanga ada. Jibu hilo nalisikia kila Januari na sikubaliani nalo. Linganisha fomu za kujiunga za shule mbili zilizo mtaa mmoja uone ada zinavyopishana, wakati mwingine mara mbili. Kama wanakaa kupanga bei, basi wanakaa bure.

Sababu yenyewe iko kwenye sheria. Mmiliki wa shule binafsi ana kiwanja, majengo na walimu aliowaajiri mwenyewe, ila mambo makubwa ya shule yake huamuliwa na serikali. Kabla hajapokea mtoto hata mmoja, sheria inataka yeye na meneja wake wathibitishwe, kisha shule isajiliwe. Mtaala unatoka serikalini. Mtihani unatungwa na kusahihishwa na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Wathibiti ubora, wale tuliozoea kuwaita wakaguzi, wanaingia darasani kwake kama wanavyoingia shule ya kata. Waraka mmoja wa Kamishna wa Elimu unaweza kubadili bajeti ya shule nzima, na shule moja ya Tukuyu ikiandika barua peke yake kuuliza, hayo yatahesabiwa kuwa ni malalamiko ya mtu mmoja. Ndiyo maana wakaunda chama, ambacho wengi tumekizoea kwa jina la TAMONGSCO, cha wamiliki na mameneja wa shule na vyuo visivyo vya serikali.

Nyanda za Juu Kusini zina historia ndefu katika jambo hili. Wamoravian na Walutheri walifika Unyakyusa mwaka 1891, na kwa miongo mingi shule ilikuwa ni misheni. Baada ya Azimio la Arusha, Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule hizo mikononi mwa serikali. Nafasi za sekondari zikabaki chache mno, mtoto akafaulu darasa la saba na bado akarudi kulima. Watu hawakukaa kusubiri. Mufindi na Njombe walichangishana kupitia mifuko yao ya elimu na maendeleo, makanisa yakajenga upya, Jumuiya ya Wazazi ikawa na Sangu hapa mjini Mbeya. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, nchi nzima ilikuwa na sekondari nyingi zisizo za serikali kuliko za serikali, na ikawa hivyo kwa miaka kadhaa, kabla ya wimbi la shule za kata lililokuja baada ya 2004. Nalisema hili kwa sababu neno "binafsi" huwafanya watu wamfikirie tajiri mmoja na geti lake, wakati shule nyingi za huku zilijengwa kwa michango ya wanakijiji na sadaka.

Kazi ya chama huonekana serikali inapotaka kubadili jambo. Mwaka 2015 na 2016 palikuwa na mpango wa ada elekezi, yaani serikali iweke kiwango ambacho shule binafsi zisikivuke. Wamiliki walipinga kwa hoja kwamba gharama hazifanani: shule ya kutwa mjini si sawa na ya bweni Makete, ambako baridi peke yake inadai blanketi, kuni na uji wa moto. Mwaka 2016 serikali ikauacha mpango huo.

Machi 2023 ukaja waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Mtoto wa miaka sita hapaswi kulelewa na matroni mwenye watoto sitini. Hata hivyo kulikuwa na maswali ya kweli. Mchimbaji wa Chunya aliyekwishalipa ada ya mwaka arudishiwe vipi? Matroni na wapishi wenye mikataba waende wapi? Maswali ya namna hiyo yanahitaji mtu wa kuyakusanya kutoka shule nyingi na kuyafikisha wizarani kwa sauti moja, kisha arudi na majibu.

Halafu kuna walimu. Serikali ikitangaza ajira, mwalimu wa fizikia anaondoka katikati ya muhula, na kidato cha nne wanabaki na ubao mtupu. Chama hakiwezi kumzuia, wala hakipaswi, lakini ndipo mahali ambapo wamiliki huambizana ukweli kuhusu mishahara na mikataba. Mitihani ya pamoja ya kujipima nayo hupangwa kwa ushirikiano wa aina hiyo.

Mamlaka ya chama ni madogo kuliko watu wanavyodhani. Chama hakisajili shule, hakifungi shule, na kinaweza kushindwa. Uingereza, serikali ilipoweka VAT ya asilimia 20 kwenye ada za shule binafsi kuanzia Januari 2025, Independent Schools Council, baraza linalowakilisha shule hizo, liliunga mkono kesi ya kupinga. Mahakama Kuu iliitupa Juni mwaka huohuo.

Ninachokidai kwa chama chetu ni ujasiri wa kuwageukia wanachama wake. Ziko shule zinazomlazimisha mtoto kukariri darasa au kuhama kwa kukosa alama chache za wastani, ili bango la Desemba lipendeze. Serikali imekataza. Wamiliki wanafahamiana na wanajua nani anafanya hivyo. Inaniuma kwamba wanangoja mthibiti aje kugundua.

Mtoto wako akifanyiwa hivyo, usipeleke malalamiko kwenye chama, maana hakina rungu. Anza na mkuu wa shule, nenda bodi ya shule, kisha ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya, ukiwa na ripoti ya muhula na barua uliyopewa.