Je, picha ya familia hutaka jua la utosini?

Mbeya na Iringa wapo wengi wanaoamini kuwa picha nzuri ya familia hupigwa saa sita mchana, jua likiwaka. Siku ya mawingu, miadi huahirishwa. Imani hiyo ina msingi wake: filamu za kamera za zamani zilihitaji mwanga mwingi kweli.

Ila kwa uso wa mtu, wingi wa mwanga hautoshi. Unakotokea ndiko kunakoamua. Jua la utosini huacha vivuli vizito machoni na chini ya pua, watoto hukunja nyuso, na shati jeupe la baba hugeuka doa tupu lisilo na mikunjo wala vifungo. Mawingu huutawanya mwanga, vivuli vikalainika. Ndiyo maana mpiga picha mzoefu hufurahia anga la kijivu juu ya mlima Loleza wa Mbeya (mvua ni habari nyingine).

Jaribu mwenyewe kwa simu. Mpige bibi picha uani saa sita, kisha mketishe barazani, kivulini, akitazama nje. Kuza picha zote mbili, uangalie macho. Ya pili huwa na kidoti cha mwanga kwenye mboni. Ya kwanza mara nyingi haina.