Tofali chini ya mkono: yoga ya Iyengar inavyoupanga mwili

Anayeingia darasa la yoga ya Iyengar kwa mara ya kwanza hushangazwa na mambo mawili. Wanafunzi hukaa katika mkao mmoja muda mrefu, na chumba kimejaa vifaa: matofali ya mbao, mikanda, mablanketi, mito mirefu migumu, viti vya kukunja, kamba zilizofungwa ukutani. Wengi hudhani vifaa hivyo ni vya wazee na wagonjwa. Mimi hufundisha mtindo huu, na hata mwanafunzi mwenye viungo vilivyolainika kuliko wote namwekea tofali chini ya mkono. Nitaeleza kwa nini.

Chukua Trikonasana, mkao wa pembetatu. Unasimama umetanua miguu karibu mita moja, zaidi kidogo ukiwa mrefu. Mguu wa kulia unaugeuza nje nyuzi 90, vidole vya mguu wa kushoto unaviingiza ndani kidogo. Ukichora mstari kutoka kisigino cha kulia kurudi nyuma, ukutane na katikati ya upinde wa unyayo wa kushoto. Unanyoosha mikono usawa wa mabega, kisha unalala kiubavu upande wa kulia, mkono wa kulia ukishuka na wa kushoto ukipanda.

Hapo ndipo mgeni anapoiona sakafu na kuitamani. "Mwalimu, nimeigusa!" Ameigusa kweli, lakini tazama gharama yake. Goti la kulia limekunjika na kuangukia ndani. Nyonga ya kushoto imezunguka mbele. Kifua kinatazama chini, ubavu wa kulia umefinyika, pumzi imekuwa fupi. Pembetatu haipo tena. Amebaki mtu aliyeinama kuokota sarafu.

Tofali likisimamishwa nje ya kifundo cha mguu wa kulia, mkono unapata pa kutua kabla mwili haujavurugika. Sasa kazi inaweza kuanza. Bonyeza chini ukingo wa nje wa kisigino cha nyuma. Kaza misuli ya mbele ya paja hadi pia ya goti ipande. Zungusha paja la kulia kuelekea nje, goti litazame upande uleule wa vidole. Refusha ubavu wa kulia ulingane na wa kushoto. Ndipo ugeuze kifua kuelekea dari, kikianzia mbavu za chini. Ukikivuta kwa bega utaumiza shingo tu. Kila agizo linategemea lililotangulia, na ukiacha moja, linalofuata hulegea. Kisigino cha nyuma ndicho kinachosahaulika zaidi, kwa sababu macho na akili vyote vimekimbilia mkono wa chini.

Kwangu mimi hii ndiyo maana ya kuupanga mwili. Uzuri wa picha si hoja. Nataka mwanafunzi awe na habari za kisigino chake, paja lake na ubavu wake kwa wakati mmoja, huku pumzi ikienda bila kubanwa. Sutra za Patanjali, maandishi ya kale ya yoga, sura ya 2, aya ya 46, zinataka mkao uwe thabiti na wenye raha. Anayetetemeka akiifukuzia sakafu amekosa vyote viwili.

Mtindo huu ulitokana na mtu aliyekuwa na mwili dhaifu, nami naona hilo limeacha alama. B.K.S. Iyengar alizaliwa mwaka 1918 kijijini Bellur, Karnataka, kusini mwa India. Utotoni aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Mwaka 1934 alianza kufundishwa yoga mjini Mysore na shemeji yake, mume wa dada yake, Tirumalai Krishnamacharya. Mwaka 1937 alitumwa Pune kufundisha. Huko, kwa miongo mingi, alipokea watu wenye migongo iliyokakamaa, magoti mabovu na wajawazito, na vifaa vikawa njia ya kuwapa mikao ambayo miili yao isingeifikia peke yake. Alipokutana na mpiga fidla Yehudi Menuhin mwaka 1952, milango ya Ulaya ikaanza kufunguka. Taasisi yake ya Pune, iliyofunguliwa mwaka 1975, ina jina la mkewe, Ramamani. Alifariki Agosti 2014.

Pamoja na mpangilio wa mwili kuna mambo mawili mengine: muda na utaratibu. Muda nitaupita haraka: mwili hausikii maagizo ndani ya pumzi mbili, kwa hiyo tunakaa. Utaratibu ni mzito zaidi. Anayeanza hushinda kwenye mikao ya kusimama, kwa kuwa miguu ndiyo inayofundisha mgongo. Mikao ya kichwa chini huja baadaye, na mazoezi rasmi ya pumzi baadaye zaidi.

Mfano mzuri wa mikao ya kichwa chini ni Sarvangasana, kusimama kwa mabega. Ukiifanya juu ya sakafu tupu, shingo hukunjwa kupita kiasi na uzito huangukia pingili zake. Sisi hukunja mablanketi matatu au manne, kingo zikiwa zimelingana sawasawa, mabega yakae juu yake na kichwa kishuke sakafuni. Mkanda hufungwa juu kidogo ya viwiko visiteleze nje. Uzito hubebwa na mabega na mikono, koo hubaki laini. Wakati wa hedhi hatufanyi mikao hii, na mwenye shinikizo la damu la juu, glakoma au tatizo la shingo asiijaribu bila ushauri wa daktari na mwalimu anayemjua.

Wasomaji wa huku kwetu huniuliza wapate wapi vifaa. Khanga iliyokunjwa kwa urefu ni mkanda wa kutosha. Kiti cha mbao kisichoyumba, kikiegemezwa ukutani, kinafaa pale ambapo tofali ni fupi mno. Anza Trikonasana mkono ukiwa juu ya kiti, hakuna aibu yoyote. Ukuta wenyewe ni kifaa bora: fanya mkao huo mgongo ukiuelekea ukuta, uone kama nyonga na bega la juu vinaugusa pamoja. Usitumie matofali ya saruji yaliyochongoka, wala kiti cha plastiki kinachopinda.

Kuhusu mwalimu, walimu wa Iyengar hupata cheti baada ya miaka ya mazoezi na mtihani, kwa hiyo una haki ya kuuliza kama anacho. Muulize pia anafanyaje na goti lako au mgongo wako. Akikutaka usimame kwa kichwa siku ya kwanza, chukua mkeka wako uondoke.