Kabla ya kuuliza uuze nini, jiulize unajua kufanya nini

Wafanyabiashara wadogo wa hapa Lamu wakinijia soko likiwa limelala, wengi huanza na swali moja: "Sasa niuze nini?" Kazi yangu ni kupitia hesabu zao na kuwashauri, nami huwarudishia swali: wewe unajua kufanya nini? Bidhaa huweza kukosa mnunuzi ndani ya msimu mmoja. Ujuzi hauishi upesi hivyo.

Mji wetu umeyapitia haya. Boriti za mikoko zilikuwa zikipakiwa majahazini kupelekwa Uarabuni hadi serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje ya nchi mwaka 1982. Wageni walipotekwa nyara mwaka 2011, watalii wakapungua ghafla. Mwaka 2020 ikaja korona. Hakuna muuza duka wala nahodha aliyekuwa na uwezo wa kuyazuia hayo. Lililo mkononi mwake ni kujipanga upya.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni chombo kinachoitwa Flipflopi, kilichoshushwa majini hapahapa Lamu Septemba 2018. Kimeundwa kwa plastiki iliyookotwa, tani 10 hivi, na ubavuni kimevikwa vipande vya malapa yapatayo 30,000. Mapema mwaka 2019 kikasafiri hadi Zanzibar. Watu husifu rangi zake, lakini mimi huutazama uundaji. Fundi Ali Skanda na wenzake hawakuutupa ufundi wa wazee wao: mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu zake) na mbao vilipangwa kwa mwendo uleule wa kuunda jahazi. Kilichobadilika ni mali ghafi. Plastiki hupinda kuliko mbao, na jua kali huitanua, kwa hiyo fundi analazimika kufikiri upya kila kiungo. Huo ndio ubunifu ninaoutaka: umesimama juu ya jambo unalolijua vizuri, kisha unanyoosha mkono kwa jambo moja geni. Ukibadilisha ufundi, mali na mteja kwa mpigo mmoja, likiharibika jambo hutajua limeharibikia wapi.

Makampuni makubwa nayo yamepita njia hiyo. Fujifilm ya Japani iliishi kwa kuuza filamu za kamera, na kamera za dijitali zilipoiua biashara hiyo, ilirudi kwenye maabara yake. Filamu hutengenezwa kwa kolajeni, protini iliyomo pia kwenye ngozi ya binadamu, na wataalamu wa kampuni hiyo walikuwa wamesomea kwa miaka namna ya kuzuia picha zisipauke. Elimu hiyo ikahamia kwenye vipodozi vya ngozi, wakaanza kuviuza.

Wakati mwingine njia mpya huonyeshwa na mteja mwenyewe. M-Pesa, kabla ya kuzinduliwa Machi 2007, ilijaribiwa kama njia ya watu kulipa mikopo midogo. Waliopewa kuijaribu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wenye mradi waliliona hilo na huduma ikajengwa juu yake. Ndiyo maana huwasihi wateja wangu waandike daftarini yale yanayoulizwa dukani na hayapo, pamoja na matumizi ya ajabu ya bidhaa zao. Wachache hufanya hivyo, nami nasikitika, maana utafiti huo haugharimu hata shilingi.

Chukua nahodha wa mashua ya watalii. Anauza safari ya siku moja, basi. Lakini anajua maji yanajaa saa ngapi kiasi cha kuingia mkondo wa Takwa kule Manda, anajua samaki walipo, anajua kupika chomboni, na anaaminika na watu wa Shela na Matondoni. Ujuzi huo una wanunuzi wengine: shule inayotaka wanafunzi waione mikoko, familia yenye harusi inayotaka kuvusha wageni, hoteli inayohitaji mtu wa kuileta mizigo yake kwa wakati. Hata tanga lake likichakaa bado ni mali. Shela kuna mabegi mazuri yanayoshonwa kwa vitambaa vya matanga makuukuu.

Ninachokipinga ni kuiga. Mmoja akifungua kibanda cha juisi na kikapata watu, mwezi ujao mtaa mzima wa Langoni una juisi, na bei inashuka mpaka hapana anayefaidi. Huko ni kugawana mteja yuleyule.

Jaribio lenyewe lisile mtaji wa nyumba. Tenga kiasi ambacho kikipotea watoto bado watakula na kwenda shule, kiandike mbali na hesabu ya kila siku, na uamue mapema utakapoacha. Wakati wa kusi, yaani msimu wa upepo mkali wa kusini, vyombo vingi vikiwa vimefungwa na wageni ni wachache, ndio mzuri wa kujaribu: mikono ina nafasi, na ukikosea hujapoteza msimu. Pigia hesabu muda wako pia. Nimeona mabegi yakiuzwa kwa bei inayorudisha kitambaa na uzi tu, na fundi akidhani amepata faida kwa sababu siku mbili alizokaa kwenye cherehani hakuzihesabu.