Si feni inayokaza uti wa mgongo
Ujumbe unaozungushwa kila mara katika makundi ya simu ya Unguja na Pemba unadai kuwa baridi yabisi ya uti wa mgongo (uvimbe wa viungo unaokaza mgongo) ni maradhi mapya yanayoenea kwa vijana wanaolala chini ya feni. Maradhi haya ni ya kale, na uhusiano wake na jeni ya kurithi ya HLA-B27 ulijulikana tangu 1973. Wanaogundulika wakiongezeka, haimaanishi wanaougua wameongezeka, kwani picha za MRI, yaani za mashine ya sumaku, huonesha uvimbe mapema kuliko eksirei. Kijana anayeshindwa kurukuu alfajiri hulaumu feni, jambo linaloeleweka. Lakini mgongo ukilegea kwa kutembea na kukaza kwa kupumzika, kwa zaidi ya miezi mitatu, amuone daktari. Ujumbe huo tafadhali usiusambaze.