Risiti za Fundi Si Bei ya Nyumba

Juma lililopita mzee mmoja mwenye nyumba huko Kiamunyi aliketi mbele ya meza yangu ya uwakala wa nyumba hapa mjini Nakuru, akafungua faili ya plastiki na kuanza kupanga risiti moja baada ya nyingine: za jipsam, za taa za dari, za kabati za jikoni, za graniti, za rangi na za karatasi za ukutani. Alipomaliza aliniambia, "Binti yangu, nyumba niliinunua kwa milioni sita na nusu, na hapa pana milioni moja na laki nane nilizoweka ndani yake. Jumlisha, uongeze faida kidogo, hiyo ndiyo bei." Ni mara ya nne mwaka huu kuelezwa hesabu hiyo kana kwamba ni sheria ya nchi, na ninaiandikia leo kwa sababu nimechoka kuijibu kwa simu, na kwa sababu nimeona watu wazuri wakikaa na nyumba isiyouzika kwa mwaka na zaidi wakiitetea.

Mambo ya karatasi nitayapitia haraka, kwa kuwa kila anayeuza anapaswa kuyajua kabla hajanipigia simu. Sachi, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi, iwe safi, hatimiliki iwe kwa jina la anayeuza, mwenzi wa ndoa awe ameridhia kwa maandishi, na kama ardhi ingali ya kilimo, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi iombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba utiwe saini. Kwa kawaida mnunuzi huweka asilimia 10, mauzo hukamilishwa kwa siku 90, na ushuru wa stempu, ambao ni mzigo wa mnunuzi, ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Nyumba yenye zuio kwenye rejista haina bei ya kujadili, hata dari yake ingenakshiwa namna gani.

Sasa tuje kwenye hesabu ya mzee. Bei hutokana na kile ambacho mnunuzi aliye na pesa leo angepata kwingine kwa pesa hizohizo. Kama katika barabara ileile ya Kiamunyi zipo nyumba nyingine tatu za vyumba vitatu kwenye kiwanja cha ukubwa huohuo, na wenye nazo wanakubali milioni saba, mnunuzi ataianzia yako hapohapo. Hana habari na faili yako, wala hana deni kwako kwa sababu fundi wako alikutoza sana, au kwa sababu ulibadilisha mawazo ukang'oa kabati zilizowekwa mwezi uliotangulia. Risiti inaonyesha kilichotoka mfukoni mwako na haionyeshi kilichobaki ndani ya nyumba.

Nimewatembeza wanunuzi wengi wa Nakuru na ninajua wanachotazama. Anayeifahamu Nakuru hufungua bomba kabla ya kufungua mlango wa chumba cha kulala. Atauliza maji yanatoka kwa kampuni ya maji au kwa kisima cha kuchimbwa, na kama ni kisima, atauliza habari ya floridi, madini yanayotia meno rangi yakizidi, kwa sababu amekulia mahali ambapo meno ya kahawia hayahitaji maelezo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa huvuka kiwango hicho. Mwenye nyumba aliyepima maji yake, akaweka chujio la mkaa wa mifupa au mtambo mwingine wa kusafisha na kuhifadhi karatasi ya maabara, ana kitu bora cha kumwonyesha mnunuzi kuliko mwenye graniti. Kisha mnunuzi atatazama nyufa. Ardhi yetu imekatwa na mipasuko ya Bonde la Ufa, na mvua kubwa ikizidi, udongo laini wa majivu ya volkano husombwa chini kwa chini na kuacha mashimo, kwa hiyo ufa unaopanda ukuta kwa mshazari humfanya mtu arudi kwenye gari lake. Akiwa upande wa ziwa atauliza maji yamefika wapi tangu yalipoanza kupanda miaka ya 2010. Hadi hapo hajaitazama dari hata mara moja.

Hata hivyo hasemi kweli anayedai kuwa mapambo ni kazi bure, na hapa naomba msomaji avumilie, kwa maana hapa ndipo watu hunichosha zaidi. Yako matumizi ya namna tatu ambayo wenye nyumba huyatia katika faili moja, nayo hayafanani kabisa.

Kwanza kuna kuziba kasoro. Paa linalovuja, mfereji wa paa uliolegea, unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi kwa sababu karatasi ya kuzuia unyevu haikuwekwa, shimo la maji taka lililojaa. Kazi hizi haziongezi bei, kwa kuwa mnunuzi anachukulia kuwa paa halivuji. Hakuna anayelipa zaidi kwa paa kuwa paa. Lakini zisipofanywa, hupunguza bei kuliko gharama yake. Doa moja la maji kwenye dari, ambalo fundi angelimaliza kwa shilingi elfu 15, humpa mnunuzi sababu ya kuomba apunguziwe laki mbili au tatu, kwa sababu yeye haoni doa tu, anaona paa zima ambalo hajalipanda. Wala usijaribu kuficha. Rangi mpya katika nusu ya chini ya ukuta wa chumba kimoja, huku nyumba nzima ikiwa na rangi ya zamani, inapiga kelele kuliko unyevu wenyewe. Mnunuzi akiiona, huanza kutilia shaka hata yale uliyomweleza kwa ukweli.

Pili kuna kuongeza matumizi ya nyumba: tangi kubwa la maji, ukuta wa mpaka, choo cha pili, chumba cha mfanyakazi, barabara ya ndani iliyowekwa kabro ili gari lisizame kwenye vumbi au matope. Hizi hurudi kwa sehemu, na mara nyingine hurudi zote, kwa kuwa mnunuzi angelazimika kuzifanya mwenyewe.

Tatu ndiyo mapambo hasa, na milioni moja na laki nane za mzee karibu zote zilikuwa hapa. Sebule yake ina kuta za urefu wa kawaida wa nyumba zetu, lakini dari ya jipsam imeshushwa kwa ngazi tatu, pembeni zikapita taa za buluu na zambarau, hata chumba ambacho kilikuwa na hewa kikaonekana kimebana. Ukuta wa televisheni una karatasi zenye maua ya fedha. Chumba kikuu kimepakwa rangi nzito ya damu ya mzee. Yeye anaipenda, na ana haki ya kuipenda, maana alijipambia mwenyewe wakati akitazamia kuishi humo. Mnunuzi akiingia huanza kuhesabu atang'oa nini, kupaka rangi ngapi na kumlipa fundi kiasi gani kabla ya kuhamia. Pambo ambalo mwenye nyumba analiita laki nne, mnunuzi analiona kuwa deni la laki moja. Kadiri pambo linavyoeleza ladha ya mtu mmoja, ndivyo linavyopunguza idadi ya watu wanaoweza kujiona wakiishi mle.

Ila mapambo yana kazi moja kubwa, nayo ni kuharakisha. Nyumba iliyopakwa rangi hafifu inayopokea mwanga, madirisha yaliyooshwa, taa nyeupe zinazowaka zote, nyasi zilizokatwa, jiko lisilo na harufu ya mafuta: hiyo huuzika mapema kuliko jirani yake. Kuuzika mapema si kuuzika ghali, na kuchanganya mambo haya mawili ndiko kunakoleta faili za plastiki mezani pangu. Mwenye nyumba akisikia kwamba nyumba fulani ya mtaa wa Section 58 ilipakwa rangi ikauzwa baada ya majuma matatu, hufikiri rangi ilileta pesa. Rangi ilileta watu, nao watu wakakuta bei iliyo sawa. Kama bei ingekuwa imepandishwa ili kufidia rangi, wangefika, wakasifu, wakaondoka.

Kuna mtu mwingine ambaye faili hiyo haitamshawishi, naye ni mthamini wa benki. Mnunuzi anayetegemea mkopo hapati mkopo kwa bei mliyokubaliana. Benki humtuma mthamini, naye huandika thamani akilinganisha na mauzo ya karibu, ukubwa wa kiwanja, hali ya jengo na mahali lilipo. Jikoni zuri litatajwa katika ripoti kwa sentensi moja. Mkikubaliana milioni nane na elfu mia tatu naye aandike milioni saba, benki itahesabu mkopo juu ya hiyo saba, na tofauti iliyobaki mnunuzi ataitafuta mfukoni mwake. Wengi hawana, na biashara huvunjika wakati muuzaji alikwisha kupanga matumizi ya pesa.

Nina mashaka yangu pia, na sitayaficha kwa sababu tu ninaishi kwa kazi hii. Hatuna orodha ya wazi ya bei ambazo nyumba zimeuzwa kweli. Bei zinazotangazwa mtandaoni ni matamanio ya wauzaji, na zile ninazoziamini ni za daftari langu na za mawakala wachache tunaoambiana ukweli. Ninaposema milioni saba, ninasema kwa kutazama mauzo machache, na mara mbili tatu nimekosea, nikamfanya mtu auze chini ya alichoweza kupata. Vilevile sijaamua kama nyumba huuzika vizuri ikiwa na samani au ikiwa tupu. Miaka iliyopita nilisisitiza samani zibaki. Siku hizi naona vyumba vitupu vinaonyesha nafasi yake, lakini pia vinaonyesha kila ufa, na wanunuzi wengine hushindwa kukadiria kama kitanda kitaingia. Tena, ikiwa nyumba inayokawia sokoni hatimaye hushushwa bei, basi kilichoiharakisha kimeokoa pesa kwa njia fulani, na sijui kutenganisha kiasi hicho na bei yenyewe. Nilimwambia mzee hayo yote, kwa maana sikutaka adhani kwamba namdharau.

Nilimwambia pia asizitupe risiti zake, kwani zina mahali pake. Nyumba ya Kiamunyi amekuwa akiipangisha, kwa hiyo hawezi kupata msamaha anaopewa mtu aliyekaa katika nyumba yake mwenyewe kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza. Mauzo yake yataangukia chini ya ushuru wa faida ya mtaji, ambao tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, kutoka asilimia 5 za hapo awali. Katika kuhesabu faida hiyo, sheria inaruhusu kuondoa bei ya ununuzi, gharama za mauzo na gharama za kuboresha mali, mradi ziwe na ushahidi. Zile risiti ambazo mnunuzi hatazijali, mhasibu atazihitaji, na aliyezipoteza atalipa ushuru juu ya pesa ambazo hakufaidi.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ile rangi ya damu ya mzee inaweza kubaki angalau chumbani. Nilimwomba aifunike kwa rangi ya maziwa kabla ya Jumamosi, abadilishe zile taa za rangi ziwe nyeupe, na jipsam aiache ilivyo, maana kuing'oa sasa ni kuongeza hasara. Tulikubaliana kuitangaza kwa milioni saba na laki mbili. Alikusanya risiti zake kumpelekea mhasibu, nami nikabaki na nakala mbili tu, ya tangi la maji na ya ukarabati wa paa, kwa sababu hizo mnunuzi wa Jumamosi ataziulizia.